Dar hadi Songea: siku saba nyuma ya kidonge

Siku ya 1: Dar es Salaam

Safari hii ya kufuata antibayotiki, dawa za kuua bakteria, inaanzia maabara, si duka la dawa, kwa sababu maabara ndipo usugu wa vimelea, yaani bakteria kutouawa tena na dawa, unapoonekana kwa macho. Sahani ya kuoteshea ni ya duara, upana wa kiganja, na ndani yake kuna ute mgumu wa Mueller-Hinton, chakula cha kuoteshea bakteria, wenye unene wa milimita 4. Mtaalamu hupaka bakteria juu ya ute wote, kisha hupanga vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimenyweshwa dawa yake. Sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Kukicha, karatasi ya dawa inayofanya kazi imezungukwa na duara safi, halina ukungu wowote. Karatasi ya dawa iliyoshindwa imezingirwa, bakteria wameota mpaka wameigusa ukingo. Sahani ya E. coli, bakteria wa tumboni, iliyotoka kwenye mkojo wa mtu mmoja inaweza kuwa na karatasi sita na maduara mawili tu.

Mambo madogo ndiyo huharibu kipimo hiki. Ute ukizidi unene, dawa huzama chini na duara husinyaa, hivyo bakteria anayekufa kwa dawa huandikwa sugu. Ute ukiwa mwembamba, kinyume chake. Bakteria wakipakwa wachache mno, duara hutanuka na dawa husifiwa bila haki. Ndiyo maana ukungu wa mchanganyiko wa bakteria hulinganishwa kwanza na McFarland 0.5, kipimo maalumu cha ukungu, na mchanganyiko hutumika ndani ya dakika 15. Kichupa cha karatasi za dawa kikifunguliwa kingali cha baridi kutoka friji, unyevu huingia na dawa huanza kufa humo humo. Maabara makini huotesha pia E. coli ATCC 25922, bakteria ambaye tabia yake inajulikana. Maduara yake yakitoka nje ya vipimo vilivyowekwa, tatizo hutafutwa kwanza kabla majibu ya wagonjwa hayajatoka.

Sampuli nayo ina masharti. Damu ya kuotesha hutolewa kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki: mtu mzima mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, mtoto mdogo mililita 1 hadi 3. Mkojo ni wa katikati, ufike maabara ndani ya saa 2 au uwekwe kwenye friji. Kikombe cha mkojo kilichoshinda dirishani kwenye joto la Dar huleta majibu ya bakteria waliozaliana kikombeni, na mgonjwa humezeshwa dawa kwa kosa la kikombe.

Uzito wa majibu hayo ulionekana Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliofuatilia mara 1,828 watoto wa umri wa hadi miaka 7 walipolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram hasi, kama E. coli na Klebsiella, kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Kwa malaria, vifo vilikuwa asilimia 20.2. Bakteria kuwa sugu kwa dawa aliyoanzishiwa mtoto kulihusiana moja kwa moja na kifo.

Mabango mengi ya elimu ya jamii yanasema neno moja: maliza dozi. Kwa kifua kikuu neno hilo halina mjadala. Kwa maradhi mengi mengine limechukua nafasi kubwa kuliko inavyostahili, kwa sababu linamkuta mtu akiwa tayari ameanza dawa, na mara nyingi dozi yenyewe haikupaswa kuanzwa. Mtu mwenye mafua akimeza amoksisilini, kirusi cha mafua hakiguswi. Kinachoguswa ni bakteria waliomo tumboni, E. coli na Klebsiella wakiwemo. Wanyonge hufa, wagumu hubaki, huzaliana, na hugawiana vipande vya vinasaba vyenye siri ya kuishinda dawa. Miezi michache baadaye mtu huyo akipata maambukizi ya njia ya mkojo, bakteria hutoka kwenye tumbo hilo hilo. Kuimaliza dozi isiyohitajika hakumsaidii. Kunarefusha mchujo tu. Barabara yote hadi Songea tunaliuliza swali hilo la kuanza: nani anaanzisha, kwa nini, na angempa mgonjwa nini badala yake.

Siku ya 2: Kibaha, Chalinze, Morogoro

Karibu kilomita 190, na kuanzia Kibaha mabanda ya kuku yanaonekana kila upande. Penye mabanda pana duka la dawa za mifugo, na rafuni kuna oksitetrasaiklini ya unga, tailosini, enrofloksasini na salfa. Kuku watatu wakipiga chafya, unga unatiwa kwenye maji ya banda zima na kuku 500 wanakunywa. Enrofloksasini ni ndugu wa siprofloksasini ya binadamu: bakteria aliyeizoea moja, nyingine haimsumbui.

Kosa kubwa hapa ni la utambuzi. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaua kuku kuliko maradhi mengi, nao ni wa kirusi. Shingo inapinda, kinyesi kinakuwa cha kijani, na ndani ya siku chache banda limelala. Hakuna antibayotiki inayougusa. Kinachouzuia ni chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa hapa Kibaha na inavumilia joto kuliko chanjo nyingi: tone moja kwenye jicho, kifaranga na jogoo sawa, kurudia kila baada ya miezi 3. Inashindwa kwa sababu zinazojulikana. Kichupa kinaachwa juani. Wanachanjwa kuku wa ndani na kusahauliwa wanaolala mtini. Chanjo inatafutwa baada ya kuku wa jirani kuanza kufa, wakati mwili wa kuku unahitaji wiki mbili hivi kujijengea kinga. Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, ni hadithi ile ile: kirusi, chanjo, na unga wa rangi ya njano unaotiwa kwenye maji bila faida.

Penye maambukizi ya kweli ya bakteria, daktari wa mifugo achague dawa moja, kipimo kwa uzito, siku zinazohesabika. Lebo inasema siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama na mayai, na dawa nyingine zimeandikwa waziwazi kuwa si za kuku wa mayai. Sharti hili ndilo linaloumiza mfukoni na ndilo linalovunjwa kwanza: trei za mayai haziwezi kukaa wiki, na kuku mgonjwa huuzwa haraka kabla hajafa. Kwa hiyo ushauri unaofaa kwa mfugaji huanza mbali na dawa. Beseni la dawa ya kuua vijidudu mlangoni, libadilishwe kila siku, maana likijaa pumba halifanyi kazi. Viatu vya bandani vibaki bandani. Maranda makavu. Vifaranga waingie pamoja na watoke pamoja, banda lioshwe na kupumzika kabla ya kundi jipya. Mbolea mbichi ya kuku isimwagwe moja kwa moja kwenye tuta la mchicha, kwa sababu bakteria sugu husafiri nayo hadi sokoni.

Dunia imeshaliona hili. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kupata kinasaba cha mcr-1, kinachowapa bakteria usugu kwa kolistini na kinachohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Kilikuwa kimeenea kwa nguruwe waliolishwa dawa hiyo ili wanenepe, na kolistini ni dawa ya akiba ya mwisho kwa binadamu. China ilipiga marufuku kuitumia kama kinenepesho mwaka 2017. Morogoro, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, inawakutanisha madaktari wa mifugo na wa binadamu kwenye kazi hii, na ndivyo ipasavyo.

Siku ya 3: Morogoro

Zahanati asubuhi. Akina mama wamepanga foleni na watoto mgongoni, karibu wote kikohozi na homa. Kifaa chenye maana kuliko vyote hapa ni saa yenye mshale wa sekunde.

Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia, nguo imepandishwa kifuani. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50. Mwaka 1 hadi miaka 4, pumzi 40. Kisha hutazamwa kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi. Mtoto wa zaidi ya miezi 2 asiye na pumzi za haraka, asiyebonyea kifua wala kuwa na dalili za hatari, ana mafua au kikohozi cha kawaida. Hapewi antibayotiki.

Makosa yanatokea ndani ya dakika hiyo moja. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hukuza kosa mara nne. Mtoto anayelia au aliyetoka kukimbia hupumua haraka bila nimonia. Na penye wagonjwa 60 na tabibu mmoja, dakika hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Kuandika amoksisilini kunachukua sekunde tano. Tusiwalaumu tu watoa huduma bila kuitazama foleni.

Mwenye nimonia isiyo kali hupewa amoksisilini ya kuyeyusha, vidonge vya miligramu 250, asubuhi na jioni kwa siku 5. Miezi 2 hadi 11 kidonge kimoja kila mara, jumla 10. Mwaka 1 hadi 2, viwili, jumla 20. Miaka 3 hadi 4, vitatu, jumla 30. Kidonge huwekwa kwenye kijiko, maji safi kidogo au maziwa ya mama, kinayeyuka chenyewe. Dawa ya maji ina matatizo mengi: maji hutiwa kupita mstari, chupa haitikiswi, dawa yote hukaa chini na mtoto hunywa maji matamu siku tatu za kwanza. Kisha kijiko cha nyumbani, ambacho hakina kipimo.

Mkoa huu na Mbeya ndiko kulikofanyika utafiti mkubwa kwenye vituo 40 vya ngazi ya msingi kati ya 2021 na 2022, matokeo yakachapishwa 2024. Nusu ya vituo vilipewa kishikwambi chenye mwongozo wa hatua kwa hatua kwa watoto wagonjwa, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, vipimo vichache vya damu na ufuatiliaji wa karibu. Katika vituo vya kawaida, watoto asilimia 70.1 waliandikiwa antibayotiki. Kwenye vituo vyenye kishikwambi, asilimia 23.2. Watoto waliokuwa bado wagonjwa siku ya 7 hawakuongezeka. Dozi zipatazo mbili kati ya kila tatu hazikuhitajika, na watoto hawakudhurika kwa kuzikosa. Programu peke yake haikufanya kazi hiyo: kila mara iliposema usimpe antibayotiki, ilisema pia umpe nini, na mama arudi lini.

Siku ya 4: Mikumi hadi Ifakara

Kutoka Mikumi barabara inaelekea kusini kwa Kidatu, mashamba ya miwa, Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, kisha bonde la Kilombero. Nchi ya mpunga, maji na mbu. Zamani homa hapa ilikuwa na jina moja.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliochunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Bakteria, asilimia 22. Ukizisoma namba hizo pamoja na daftari la wagonjwa la kituo chochote, unaona tofauti kati ya wanaougua bakteria na wanaomezeshwa dawa za bakteria.

Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa dawa za mseto zisimezwe bure, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kimefungua mlango wa pili. Tafiti zilizounganishwa kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, zilionyesha kuwa kipimo kilipoingia, antibayotiki ziliongezeka kuandikwa, hasa kwa waliokutwa hawana malaria. Ni rahisi kuelewa. Mama ametembea saa mbili, mtoto anachemka, kipimo kinasema hana malaria, na mtoa huduma hana jina la kumpa wala kitu cha kumwekea mkononi. Antibayotiki inajaza pengo hilo.

Kwa hiyo kipimo kikisema hakuna, uchunguzi ndipo unapoanza. Pumzi zihesabiwe. Masikio yatazamwe kama yanatoa usaha. Shingo ikakamae au la. Upele. Mkojo kwa mtoto mwenye homa isiyo na chanzo. Kuhara: kuna damu? Kuhara kwa maji hutibiwa kwa ORS na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6. Antibayotiki ni kwa kuhara damu na kwa kipindupindu kikali. Metronidazoli, ambayo watu huiita flajili hata kama imetoka kiwanda kingine, imekuwa dawa ya kila tumbo linalosokota, na kwa mtoto anayehara maji haina kazi.

Halafu taifodi. Kipimo cha Widal hutafuta kingamwili kwenye damu, si bakteria mwenyewe. Mtu aliyewahi kuugua, au aliyekutana na bakteria wanaofanana, hubaki na kingamwili hizo muda mrefu, kwa hiyo tone moja la damu siku moja haliwezi kutofautisha ya leo na ya zamani. Matokeo yake watu wanaambiwa wana taifodi mara nne kwa mwaka na kila mara wanapewa siprofloksasini. Ushahidi wa taifodi hupatikana kwa kuotesha damu. Pasipo uwezo huo, historia ya homa inayopanda siku kwa siku na uchunguzi wa mwili vina thamani kuliko karatasi ya Widal.

Siku ya 5: Kitonga, Iringa

Kurudi Mikumi, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha malori yanapanda Kitonga kwa gia ndogo. Iringa jioni. Leo ni wodi.

Shirika la Afya Duniani hugawa antibayotiki katika makundi matatu kwa mfumo wa AWaRe: za kutumika kwanza, za kuangaliwa, na za akiba. Amoksisilini, ampisilini, gentamaisini, doksisaiklini na sefazolini zimo kundi la kwanza. Seftriaksoni, siprofloksasini, azithromaisini na meropenemu ni za kuangaliwa. Mwezi wa Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuwa ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumika kwa binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza.

Wodini seftriaksoni ndiyo imetawala, na sababu yake ni ya kibinadamu kabisa. Nimonia kali ya mtoto hutibiwa kwa ampisilini miligramu 50 kwa kilo kila baada ya saa 6 na gentamaisini miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku, kwa siku 5 au zaidi. Hizo ni sindano tano kwa siku kwa mtoto mmoja. Seftriaksoni ni moja. Muuguzi aliye peke yake usiku na watoto 30 anajua hesabu hiyo. Anayetaka kupunguza seftriaksoni aanze na ratiba ya zamu, la sivyo mwongozo mzuri utabaki ukutani.

Upasuaji ndipo penye ushindi wa haraka. Kwa upasuaji wa kujifungua, dozi moja ya sefazolini gramu 2 ndani ya saa moja kabla ya kisu inatosha kwa mama asiye na maambukizi. Kuendeleza sindano siku 5 baada ya upasuaji hakupunguzi vidonda kuoza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unakataza kuendeleza. Wanaoendeleza wanafanya hivyo kwa kuogopa kidonda, na hofu hiyo ina haki kama maji ya kunawa hayatoki. Basi tengeneza kwanza kinga ya mikono. Dawa ya kusugua mikono, lita 10, hupatikana hivi: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ifike lita 10. Iache saa 72 kabla ya kutumia, ili vijidudu sugu vilivyomo kwenye maji au chupa vife. Wanaoifungua siku hiyo hiyo wanakosea hapo.

Zoezi la kuanzia kwa hospitali yoyote halihitaji mradi. Asubuhi moja, pitia kila faili wodini: nani yuko kwenye antibayotiki, ipi, kwa ugonjwa gani, siku ya ngapi, sampuli ilichukuliwa? Kwa wagonjwa wa nje, chukua mahudhurio 100 kutoka daftarini na uhesabu yenye antibayotiki. Rudia baada ya miezi 3. Kisha weka sheria moja ya saa 48: kila antibayotiki iliyoanzishwa kwa kukisia ipitiwe, na daktari aandike kwa mkono wake mojawapo: simamisha, punguza kwenda dawa nyembamba inayolenga bakteria wachache, hamisha kwenda vidonge, endelea hadi tarehe fulani. Faili lisilo na tarehe ya mwisho ndilo linalokutwa siku ya 9 na sindano ile ile, kila mtu akidhani mwingine ana sababu.

Siku ya 6: Makambako, Njombe

Makambako njia inaachana na ya Mbeya na kushika Njombe. Baridi, ukungu kwenye chai, na kila mtu anakohoa. Mahali pazuri pa kuzungumzia mafua.

Mkutano wa kijiji hauhitaji picha za bakteria. Meza moja na vifungashio vitupu kumi vinatosha: Panadoli, amoksisilini, Septrin, dawa ya mzio, flajili, dawa ya minyoo, doksisaiklini, dawa ya mseto, siprofloksasini, vitamini. Waombe watu watenge antibayotiki. Wengi huchukua kapsuli za rangi mbili na kuziacha flajili na Septrin, kwa sababu hizo kwao ni "dawa ya tumbo" na "dawa ya kifua". Mtu hawezi kuacha kutumia ovyo kitu asichojua kuwa anacho mkobani. Baada ya zoezi hilo maelezo yote mengine hupata pa kushika.

Jambo la pili ni muda. Watu hurudi kutaka dawa kali kwa sababu hakuna aliyewaambia ugonjwa hudumu siku ngapi. Mafua, siku 7 hadi 10. Koo, kama wiki. Kikohozi kilichobaki baada ya mafua kinaweza kufika wiki 3. Mama anayejua hilo hababaiki siku ya 5. Paracetamoli kwa homa, vinywaji vya moto, tangawizi na ndimu, asali kwa mwenye zaidi ya mwaka mmoja tu. Kisha dalili za kurudi, zisemwe kwa maneno ya nyumbani: anapumua haraka au mbavu zinaingia ndani, hanyonyi, anatapika kila kitu, degedege, analala na haamki vizuri, homa imerudi baada ya kupoa.

Swali ambalo halikosi kwenye mikutano hii ni la UTI sugu, maambukizi ya njia ya mkojo yanayorudi rudi. Mwanamke asiye mjamzito, asiye na maumivu wakati wa kukojoa wala kukojoa mara kwa mara, hana ugonjwa wa kutibiwa hata kama kijiti cha mkojo kimebadilika rangi. Mjamzito ni tofauti, yeye hupimwa na kutibiwa. Mwenye dalili za kibofu bila homa wala maumivu ya ubavu, nitrofurantoini miligramu 50 mara nne kwa siku kwa siku 5 ni chaguo zuri la kundi la kwanza, na E. coli wengi bado wanaisikia. Zikirudi mara ya tatu, kinachofuata ni mkojo kuoteshwa, si kubadilisha rangi ya kapsuli.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii afunge kikao kwa kumwomba mtu mmoja arudie kwa maneno yake alichosikia. Akisema "tumalize dozi" tu, elimu haijaingia.

Siku ya 7: Songea

Njombe hadi Songea barabara inateremka na hewa inapata joto. Mkoa wa Ruvuma ndiko mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulikoanzia, mwaka 2003, ukiendeshwa na mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo pamoja na MSH, shirika la afya la Marekani. Kabla yake, duka la dawa baridi liliruhusiwa dawa zisizo za cheti tu, na antibayotiki ziliuzwa chini ya meza. Mpango uliwafundisha watoa dawa, ukakagua majengo, ukaruhusu orodha fupi ya dawa za cheti zikiwemo antibayotiki chache za msingi. Baadaye ukaenea nchi nzima. Uamuzi ule ulikuwa sahihi: vijijini duka ndilo lililo wazi saa mbili usiku, na kulifungia kunarudisha vidonge chini ya meza.

Kwenye kaunta maneno ni yale yale. "Nipe amoksi ya mia tano." Mtoa dawa akikataa kavu, mteja anavuka barabara. Mtoa dawa mzuri huuliza maswali manne kabla ya kugeukia rafu: ni ya nani, ana umri gani, anaumwa nini tangu lini, ametumia nini tayari. Swali la nne hufichua mengi, maana mara nyingi kuna vidonge vitatu vilivyobaki vya mwaka jana ambavyo vimeshamezwa. Hauzi nusu dozi. Fedha ikipungua, anampeleka mteja zahanati. Na ana kitu cha kutoa badala yake: ORS, zinki, paracetamoli, barua ya rufaa.

Kilichobaki ni bahasha. Nyingi zina maandishi mawili tu, "2x2", na mwenye kusoma hivyo anaweza kumeza viwili mara mbili kwa siku, au viwili kwa siku mbili. Iandikwe hivi, kwa kalamu isiyofutika: Amoksisilini ya kuyeyusha, miligramu 250. Vidonge 2 jioni, 2 asubuhi, siku 5. Vyote 20. Kuanza Jumatatu jioni, kuisha Jumamosi asubuhi. Vihesabiwe mbele ya mama, naye arudie.

Na mtoto asiyehitaji antibayotiki apewe bahasha pia, ya aina ile ile, imeandikwa kwa uangalifu ule ule: Paracetamoli, kiasi kulingana na uzito, homa ikipanda. Kikohozi kinaweza kuchukua wiki 3. Mrudishe Alhamisi. Mrudishe leo hii akipumua haraka, asiponyonya, au mbavu zikiingia ndani.